Papa Adalbert na Mbwa Asiyechanjwa

Ukitaka kumjua mzee wetu Papa Adalbert, msikilize kwanza, kumtazama kutafuata. Kwa macho ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye mkanda aliouongezea matundu kwa msumari. Lakini akifungua mdomo, hata mafundi wanaochanganya zege kule mwisho wa barabara husimamisha makoleo. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, akaongoza kwaya ya parokia yetu hapa Kasungami, na wazazi wake, waliokuja kutoka Kasai kufuata kazi, walimlea akiamini kwamba mtu aliyesoma hasemi jambo nusu. Mimi nauza beignets, maandazi yetu ya mviringo, kando ya lango lake, kwa hiyo sauti hiyo huniingia masikioni kabla sijanywa chai.

Docteur Kangwa, daktari wa wanyama, alipofungua kliniki yake karibu na soko, alitafuta mtu wa kutangaza. Angempata nani tena? Alimpa kipaza sauti cha mkononi na mashauri ya kila msimu, na Papa Adalbert akawa anazunguka na baiskeli siku za soko. Mwezi wa sita, baridi inapotukata masikio, alituambia tusiwaache watoto wa mbwa walale kwenye sementi tupu, tuwatandikie gunia. Mvua zikianza, ilikuwa zamu ya kupe: tazameni ndani ya masikio, tazameni katikati ya vidole, na wale wanaowapaka mbwa mafuta ya taa waache ujinga huo. Lakini tangazo lake refu kuliko yote lilikuwa la maji ya kunywa na chanjo, la mwezi wa tisa na wa kumi, wakati jua linapokaanga mabati na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye unga wa bukari, ugali wetu.

"Bapapa na bamama! Mupatie imbwa mayi! Musifunge imbwa ku jua! Imbwa yenye kusikia moto inakuwa na kasirani, itaweza kuluma mutoto! Na vaccin ya rage, musingojee! Rage ikishaingia haina dawa!"

Watoto walimfuata nyuma wakiyaimba maneno hayo, hata lile la rage, yaani kichaa cha mbwa. Nakwambia, watoto wa mtaa huu wanajua mashauri ya Docteur Kangwa kuliko wanavyojua katekisimu.

Sasa, mbwa wake mwenyewe. Anaitwa Sans-Pitié, yaani Bila Huruma, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Ni mbwa wa rangi ya udongo, kichwa kikubwa, sikio moja limeraruka, na kila anayepita karibu na ua ule huvuka upande wa pili bila kuambiwa. Papa Adalbert alijivunia ukali huo waziwazi. Ana sababu, nisimwonee. Zamani kidogo, mke wake Perpétue akiwa mpakani Kasumbalesa kwa biashara zake, wezi waliingia, wakamfunga mzee kwa shuka lake mwenyewe, wakabeba kila kitu, hata sufuria iliyokuwa jikoni na kitoweo chake ndani. Tangu siku hiyo mzee hulala usingizi kwa sababu Sans-Pitié amefunguliwa nje.

Na hapa kwetu tuna imani yetu. Tunasema mbwa akichomwa sindano anapoa. Ukali unamtoka, anakuwa kama mbwa wa Mzungu, anamlamba mwizi mikono. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto na hata mimi niliiamini. Docteur Kangwa amechoka kuikanusha. Mara ngapi alimwambia Papa Adalbert, "Papa, leta imbwa yako, nitaichoma bila kulipa kitu"? Na Papa Adalbert aliahirisha kila mara, "Juma yenye kuya, docteur." Asubuhi alipiga kelele mtaa mzima ili watu wachanje mbwa wao, na mchana alirudi kwa mbwa ambaye hajaonja sindano. Sisi hatukujua. Nani angemuuliza padri kama amebatizwa?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi alirudi kutoka sokoni sauti imekwaruza, akaingia ndani kujilaza. Sans-Pitié alikuwa amefungwa kwenye mpera. Asubuhi palikuwa na kivuli, lakini kivuli kilikuwa kimehama, na bakuli lake lilikuwa limepinduka, halina hata tone. Lango lilikuwa wazi nusu. Nilimwona Gaëlle, binti wa Martine wa nyumba inayotazamana na hiyo, mtoto wa darasa la kwanza, anavuka barabara na kopo mkononi, anatembea polepole asimwage. Nilidhani anakuja kwangu. Kumbe aliingia kule, na kabla sijageuza beignets kwenye mafuta nikasikia mtoto analia.

Tulipofika, mimi, Martine na vijana wa jirani, Papa Adalbert alikuwa amekwisha kumvuta mbwa nyuma, yeye mwenyewe miguu mitupu, shati halina vifungo. Mkono wa Gaëlle ulikuwa unatoka damu. Martine alimnyanyua akimfokea.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa imbwa?"

"Nilimuletea mayi," mtoto alisema katikati ya kilio. "Papa Adalbert anasemaka imbwa ikuwe na mayi."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akiinamisha kichwa namna ile. Vijana walikuwa wameshaokota matofali wamuue mbwa. Martine akamgeukia mzee.

"Papa, imbwa yako ilipataka vaccin?"

"Ilipata," alisema.

Neno moja tu, na alilisema chinichini, yeye ambaye husikika mpaka sokoni. Martine alishusha pumzi. Akawaambia vijana waweke matofali chini, kwa sababu mbwa wa Papa Adalbert hawezi kuwa na ugonjwa. Akampangusa mtoto kwa kitambaa, akaweka juu ya kidonda lile jiwe jeusi ambalo watu wetu hulifunga mahali palipoumwa na nyoka au mbwa, eti linyonye sumu. Akaenda nyumbani ametulia. Alitulia kwa sababu ya neno la mzee.

Papa Adalbert aliniambia baadaye jinsi siku hiyo ilivyomalizika. Alikaa kwenye kiti akimtazama mbwa kupitia dirishani, akijiambia kwamba mbwa anakula vizuri, anakunywa, hatoki mate, hana kitu. Halafu akakumbuka kwamba kila usiku humfungua, na asubuhi mbwa hurudi na majeraha ya kupigana na mbwa asiowajua. Yale aliyopaswa kumwambia Martine aliyajua kwa kichwa, kwani ameyatangaza mwaka baada ya mwaka: osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda ukachomwe sindano siku ileile, usingoje. Ilitosha avuke barabara. Hakuvuka. Aliona haya, basi. Hakuogopa gharama, hakuogopa polisi. Alituonea haya sisi, watu tunaopima makaa kwa kopo, na kwa ajili ya haya hiyo mtoto alilala na jiwe mkononi.

Jumapili kanisani hakuimba. Aliwaambia wanakwaya kwamba koo limekauka, akakaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Martine alikuwa mbele, na wakati wa kutoka nilimsikia akiwaeleza wanawake wenzake kwamba Mungu amemlinda, mtoto ameumwa na mbwa wa mtu mwenye akili. Papa Adalbert alikuwa hatua chache nyuma yetu. Alisikia kila neno.

Mchana alikuwa amekaa kizingitini kwake, nami nilikuwa hapo kuchukua beseni langu, Martine akaingia na Gaëlle. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Mkononi alishika sahani ya sombe, kisamvu chetu, na dagaa wa kapenta, imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Papa, tulikuya kuomba pardon," alisema. "Mutoto aliingia mu parcelle ya bantu bila kubisha hodi, akasumbula imbwa. Tena alikuamusha mu usingizi. Gaëlle, piga magoti. Omba papa pardon."

Mtoto akapiga magoti kwenye vumbi. "Pardon, Papa Adalbert."

Mzee alikuwa ameipokea sahani kwa mikono miwili, kama inavyostahili.

"Mama Gaëlle, inua mutoto," alisema. "Mutoto hana kosa. Imbwa haikupata vaccin. Hata siku moja. Jana nilikuambia bongo."

Martine hakuelewa upesi kwamba mzee anakiri uongo. Alimtazama kwanza yeye, kisha mimi, kana kwamba mimi ningesema kwamba mzee anatania. Halafu akanyoosha mikono akaichukua sahani yake, taratibu, bila kumnyang'anya, akanipa mimi niishike.

"Uliniona nafunga lile jiwe?"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Nilingoja matusi. Ningeyaelewa, na mengine ningemsaidia. Lakini Martine alimwinua mtoto, akampangusa magoti, akasema, "Vala viatu, Papa. Tunaenda ku centre."

Kwanza tulimwosha mtoto hapohapo bombani. Papa Adalbert alileta sabuni, akaanza kusema kwamba maji yaachwe yatiririke kwa muda mrefu. Martine akachukua ile sabuni mkononi mwake na kuosha mwenyewe, akafuata kila alichosema, bila kumtazama. Lile jiwe nililitupa nyuma ya choo.

Njiani Martine alitangulia na mtoto, mimi katikati, mzee nyuma kabisa. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa, malaria ya watoto ilikuwa imepanda, na kwenye mabenchi nusu ya watu walikuwa wa mtaa wetu. Walimsalimu mzee kwa furaha. Papa Jeannot, fundi baiskeli, alimpisha nafasi na kumwambia kwa sauti kwamba mbwa wake wote watatu wamechanjwa, kwa sababu yake. Mzee alishukuru akikitazama kiatu chake.

Muuguzi, dada mmoja aitwaye Précieuse, alitoka mlangoni, akautazama mkono wa Gaëlle, akauliza yanayoulizwa. Ameumwa lini? Wapi?

"Imbwa iko ya nani?"

"Ya mu njia," Martine alijibu haraka. "Haina mwenye."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Huyu mwanamke ambaye hakumwambia mzee hata neno moja njia nzima! Lakini nilielewa. Papa Adalbert ni mtu mzima, aliwafundisha wadogo wa Martine kusoma, na mtu mzima havuliwi nguo mbele ya watu, hata kama amekuumiza. Hasira yake Martine angeimaliza nyumbani. Pale, alimsitiri.

Muuguzi alitikisa kichwa kuonyesha kwamba jambo limekuwa gumu. "Hapo iko nguvu, mama. Kama tungejua iko wapi, tungeiangalia kama inagonjwa ao hapana. Sasa tutatumika kazi bila kujua kintu."

Papa Adalbert alinyamaza. Sitaficha hilo, alinyamaza. Nikaona kwamba alikuwa anaipokea ile zawadi ya Martine. Ameniambia kwamba uongo wa Jumamosi pengine atakuja kujisamehe, lakini kimya kile cha kwenye benchi, hapana.

Gaëlle ndiye aliyeinua uso. "Mama, si ni Sans-Pitié?"

"Nyamaza," Martine alimnong'oneza, akamfinya begani.

Mtoto akanyamaza. Akamtazama Papa Adalbert, akaona haya, akainamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyekosa. Hapo mzee alisimama.

"Imbwa iko ya miye!" alisema, na sauti ilimtoka yote, ile ya sokoni, mpaka mtoto mchanga mwisho wa ukumbi akaanza kulia. "Iko imefungwa kwa miye ku nyumba, mutaweza kuiangalia. Haikupata vaccin juu nilikatala. Docteur aliniomba, nilikatala. Huyu mama alitaka kunifunika tu."

Papa Jeannot alimtazama mdomo wazi.

"Papa Adalbert, si njo weye ulitukaza tuchanje? Basi ile yote ulikuwa unatuambia ilikuwa bongo?"

"Hapana, Jeannot. Ile yote iko kweli. Bongo ilikuwa ya miye."

Akabaki amesimama, mikono imeshuka, hajui aitazame sehemu gani ya ukuta. Watu waliokuwa wanamsalimu walianza kutazama milango. Muuguzi alimwita Gaëlle aingie. Martine alimshika mtoto mkono usio na kidonda, na alipopita mbele ya mzee alisimama kidogo. Nikasema moyoni, sasa yanakuja.

"Ikala, Papa," alisema, kwa heshima ileile ya siku zote. "Utachoka."

Akakaa. Ameniambia kwamba afadhali Martine angempiga kofi.