Waya wa Ethi Uliokatwa

Shimo la kwanza la mnara wangu tulilichimba mahali pasipofaa. Aliyeligundua hilo hakuwa mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, wala fundi wa kuchomelea niliyempa kazi. Alikuwa bibi jirani yangu, mama wa Kisukuma mwenye mbuzi tisa, ambaye Kiswahili anakizungumza pale tu anapoona Kisukuma chake hakijaeleweka.

Mambo ya redio niliyaanza ukubwani. Mjini Shinyanga kulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa simu za waya, aliyeletwa shuleni kwetu kutengeneza kengele. Alipomaliza, akakaa ofisi ya walimu kunywa chai, akaniambia kwamba wapo watu duniani wanaozungumza kwa redio zao wenyewe, si kwa biashara wala kwa kupiga muziki, bali kwa kupenda tu. Wanafanya mtihani, wanapewa leseni na alama ya kujitambulisha hewani. Nilidhani ananitania. Likizo ilipofika nikaenda kwake, akanivalisha spika za masikioni, na nikamsikia mtu wa Zambia akimweleza mtu mwingine, sijui wa wapi, kwamba kwao kumenyesha na mtoto wake ana mafua. Habari za kawaida kabisa, lakini nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa.

Mwaka uliofuata nilikuwa na leseni. Mume wangu anaendesha lori la mchele kutoka Kahama, na siku nyingi hayupo nyumbani. Nilipomwambia nataka kusimamisha mnara wa antena wa mita kumi na mbili nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Segese, alicheka, kisha akasema, "Kama serikali imekubali na nyumba haitaungua, mimi sina neno."

Basi tukachimba shimo. Lilikuwa kwenye kona ya kiwanja, kando ya uzio wa michongoma, kwa sababu pale ndipo palipokuwa wazi. Siku ya pili bibi alikuja akiwa na fimbo yake ya kuchungia mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Hilo shimo la nini? Choo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya rundo la udongo, na sura yake ikabadilika. Aliniambia kwamba mume wake aliuawa na radi malishoni, yeye na ng'ombe wawili, wakati watoto wao bado wadogo. Watu walisema ametupiwa na wachawi. Yeye mwenyewe hakujua aseme nini. Alichojua ni kwamba mvua ilipoanza mume wake alikuwa mzima, na ilipokatika alikuwa amelala chini ya mti pamoja na ng'ombe.

"Na wewe sasa," akasema, "unataka kuiita radi kwa chuma kirefu, hapa?"

Nilianza kumfundisha kama ninavyofundisha darasani. Nikamwambia kwamba mnara hauiiti radi kutoka mbali, ila kwa kuwa ni mrefu unaweza kupigwa, na ndiyo maana tunauwekea ethi. Kila mguu wa mnara unafungwa waya mnene wa shaba, waya unashuka moja kwa moja bila kona kali, unafungwa kwenye fimbo ndefu zilizopigiliwa ardhini. Radi ikipiga, inapata njia pana ya kushuka, haitangatangi ndani ya nyumba.

"Kwa hiyo inaingia ardhini."

"Ndiyo, bibi."

"Ikiingia ardhini, inakwenda upande wako au upande wangu?"

Fundi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimegeuka kutazama upande wake. Zizi la mbuzi lilikuwa hatua nne kutoka kwenye shimo. Radi ikifika ardhini haipotei palepale. Inasambaa, na mnyama mwenye miguu minne aliyesimama karibu, miguu ya mbele huku na ya nyuma kule, anaweza kufa bila kuguswa na chochote. Hilo lipo kwenye vitabu ninavyofundishia. Nilikuwa nimeliandika ubaoni mara nyingi na bado nikachimba shimo kando ya zizi.

Nilimpigia simu yule mzee wa Shinyanga, nikamsomea swali la bibi kama lilivyo. Akasema, "Mwalimu, fukia hilo shimo. Na umsalimie huyo bibi."

Fundi alinuna siku nzima. Udongo wa kwetu ukikauka ni kama tofali, na sasa alitakiwa kuchimba upya upande wa pili wa kiwanja, karibu na mita ya umeme. Lakini pale palikuwa pazuri zaidi hata kwa kazi yenyewe, maana ethi ya mnara na ethi ya umeme wa nyumba ni lazima ziungwe pamoja. Ukiziacha kila moja kivyake, radi itatafuta njia ya kupita kati yake, na njia hiyo ni redio, au mtu aliyeishika. Tukapigilia fimbo sita, tukazizungushia mkaa na chumvi ili udongo ushike unyevu, tukaziunga zote.

Siku ya kuupanda mnara nilivaa suruali ya mume wangu na mkanda wa usalama. Waendesha bodaboda walizima pikipiki barabarani wapate kuona vizuri. Nilifunga antena, waya mrefu ulionyooshwa kutoka juu ya mnara hadi kwenye nguzo nyuma ya choo, nikashuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Nilijua hajaridhika.

Miaka minne ikapita vizuri. Kila Septemba, kabla ya mvua, nilikagua: nakaza nyaya zinazoushikilia mnara, nakwangua kutu, nafungua vibano vya shaba, navisafisha mpaka ving'ae, navifunga tena. Wingu lolote likijikusanya, nachomoa kebo ya antena nje ya dirisha na kutoa redio kwenye umeme. Jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari nilizungumza na yule mzee, na mara mojamoja na watu wa mbali.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Novemba.

Nilikuwa shuleni na kidato cha nne, marudio ya mwisho kabla ya mtihani. Simu ikatetemeka mezani, nikaona ni bibi. Bibi hapigi simu. Simu yake ni ya kupokelea watoto wake wanapompigia.

"Mayu," akasema, hata hakusalimu, "mnara wako hauna mikia."

"Mikia gani, bibi?"

"Zile kamba nyekundu za miguuni. Jana zilikuwepo. Leo zimekatwa. Na huku kwa Geita mbingu imekuwa nyeusi."

Nilielewa palepale. Wezi wa shaba. Mwezi ule walikuwa wamekata hata waya wa pampu ya kisima cha kijiji. Nikamwomba mwalimu mwenzangu ashike darasa, nikampigia fundi, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilitazama wingu. Upepo ulikuwa bado haujaanza, na joto lilikuwa lile linalomfanya mtu ahisi nguo zake ni nzito.

Nilikuta miguu yote mitatu ya mnara imekatwa waya, juu na chini, sehemu yote iliyokuwa nje ya udongo. Mnara ulibaki umesimama juu ya zege lake, mita kumi na mbili za chuma zisizo na njia ya maana ya kushuka, na nyumba yangu pembeni yake. Niliingia ndani kwanza. Nikachomoa kebo ya antena, nikachomoa redio, runinga, friji, kila kitu. Nilipotoka, fundi alikuwa anateremsha vyuma bapa kutoka kwenye guta.

"Shaba sina," akasema. "Ila hivi vitashika."

"Vitashika. Tukisikia ngurumo, tunaacha. Hata kama bado nati moja."

"Sawa, mwalimu."

Hatukupanda. Kazi yote ilikuwa chini. Yeye alitoboa, mimi nilikwangua rangi kwenye mguu wa mnara mpaka chuma kikang'aa, kisha tukakaza boliti, tukashusha chuma bapa hadi kwenye kichwa cha fimbo, tukakaza tena. Mguu wa kwanza. Mikono yangu ilikuwa na jasho mpaka spana ikaniponyoka mara mbili. Bibi alikuwa ameshawahamisha mbuzi mpaka mwisho kabisa wa shamba lake, na sasa alikuwa amesimama kwenye uzio, haangalii mnara, anaangalia mbingu. Mguu wa pili ukaisha. Fundi akashika mtaimbo kufukua fimbo ya tatu.

Ngurumo ikasikika. Ilikuwa mbali na nyepesi, kama gari linalopita juu ya daraja la mbao.

"Bado dakika tano tu hapa," fundi akasema bila kuinua kichwa.

"Acha."

"Mwalimu, miguu miwili tu..."

"Miwili inatosha. Acha huo mtaimbo!"

Nadhani sikuwahi kumpazia sauti hivyo mtu mzima. Bibi naye akapaza yake kutoka uzioni, kwa Kisukuma, maneno ambayo sikuyashika yote, lakini fundi, mtoto wa Kisukuma, aliyashika vizuri. Aliacha mtaimbo umesimama ardhini, akakimbia. Tukaingia kwa bibi sote watatu. Nikawaambia tukae katikati ya chumba, mbali na dirisha na mlango.

Mvua ilianza kwa matone makubwa juu ya bati, halafu ikamwagika. Hatukuweza kusikilizana. Bibi alikaa kwenye kigoda, kiganja kimoja juu ya goti langu. Kisha chumba chote kikawa cheupe. Sauti haikuja baada ya mwanga, ilikuja pamoja nao, mpasuko mmoja mkavu ulioniingia kifuani. Bibi akanikamata mkono. Fundi alikuwa amejikunja, kichwa kati ya magoti.

Tulikaa hivyo. Hakuna aliyeinuka mpaka mvua ilipopungua na ngurumo zikasogea upande wa Kahama. Nilitaka kutoka mapema, fundi akanizuia safari hii yeye. "Subiri, mwalimu. Wewe ndiye umesema." Tukasubiri nusu saa nzima.

Bibi ndiye aliyetoka wa kwanza, na hakwenda kwenye mnara. Alikwenda mwisho wa shamba, akihesabu kwa sauti. Nilimsikia akifika tisa. Alirudia kuhesabu, pengine kwa ajili ya raha tu ya kuhesabu, akafika tisa tena. Mimi nilizunguka nyumba yangu. Ukuta ulikuwa mzima, na paa lilikuwa zima. Waya wa antena ulikuwa umekatika vipande, kimoja kikining'inia kwenye paa la choo. Kwenye mguu wa pili wa mnara, pale tulipofunga chuma bapa, boliti ilikuwa nyeusi na udongo wa kuzunguka fimbo umepasuka. Taa moja ya nje ilikuwa imeungua. Redio nilikuwa nimeiweka kitandani juu ya blanketi. Nilipoichomeka na kuiwasha, ikawaka.

Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikalia. Nilikuwa nalia kwa sababu ya mguu wa tatu, kwa sababu fundi angekuwa ameshika mtaimbo, na kwa sababu hakuwa ameshika. Fundi alisimama mlangoni, akakohoa, akauliza kama kuna chai. Nikacheka na huku machozi yanatoka. Tukanywa chai na mikate iliyokuwepo.

Baadaye nilimuuliza bibi alijuaje upesi hivyo kwamba waya umekatwa.

"Naupitia kila asubuhi," akasema. "Tangu siku uliyousimamisha."

"Miaka yote hii? Kuulinda?"

"Kuulinda wa nini? Nauchunga. Kitu ninachokiogopa nataka nijue kimeamkaje."

Wezi hawakujulikana. Wiki iliyofuata fundi alimalizia mguu wa tatu, tukafunika viungo vyote kwa zege tukiacha kidirisha kidogo cha kukagulia, na yule mzee akaja kutoka Shinyanga na kipimo chake. Alipima, akaandika kwenye karatasi, akapima tena. Kisha akasema ethi ni nzuri, nzuri kuliko ya kwake, akaomba aonyeshwe kwa bibi. Walizungumza Kisukuma muda mrefu kizingitini, na sikuwaingilia.

Mvua za masika zilikuta kila kitu kimefungwa. Siku moja Machi nilikuwa darasani ngurumo ilipolia upande wa nyumbani. Chaki ilikuwa mkononi. Nilisimama, nikasikiliza, nikakumbuka kwamba asubuhi nilikuwa nimechomoa kebo, na kwamba bibi alikuwa ameshapita. Nikageuka ubaoni nikaendelea kuandika.