Chumba Kisicho na Mabati

Ofumbi hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo tulielewana. Alikuwa fundi wa matofali kutoka upande wa Petta, mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji. Alizoea kupita dukani kwangu Mulanda kununua chumvi, kama chumvi ilikuwapo. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi chumvi ilikuwa mgeni wa heshima. Ikifika, mtaa mzima unajua.

Niseme mapema kwamba nilimpenda, mtu asije akadhani namcheka bure. Nilimpenda kama kaka. Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko tofali lililochomwa likaiva.

Kando ya mto palikuwa na jineri, kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba. Mwenyewe, Mhindi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili, akaacha hata birika lake jikoni. Wenye bunduki wakaja wakang'oa mashine, kisha milango, mwisho mabati. Zikabaki kuta nene tu. Paa lilipokwenda, hata popo walihama.

Ofumbi alikuwa na sababu ya kuzitazama kuta zile. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa barabarani, kwenye kizuizi, njiani kwenda hospitali, huku askari wakidai vitambulisho. Hakulia hata mara moja. Mkewe Apendi alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliposhika mimba tena, Ofumbi alikwenda kwa wazee akasema jineri ile inaweza kuwa nyumba ya kujifungulia kwa akina mama wote wa huku, naye angeitengeneza bila malipo. Wakakubali. Nani anakataa kitu cha bure? Yeye alitaka jambo moja tu: nyumba iwe tayari kabla siku za Apendi hazijatimia.

Mkunga tuliyemwamini sote alikuwa mmoja, bibi Achola, mama mzazi wa Apendi. Yaani mkwe wa Ofumbi. Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro.

Kwa Wapadhola, kabila la akina Ofumbi, mume na mama mkwe huheshimiana hadi kukimbiana. Hawashikani mikono, hawasemezani ana kwa ana, hawali wakionana, wala hawakai chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Sisi Waislamu wa mjini mama mkwe tunambusu mkono na pilau yake tunaila, kwa hiyo mambo haya yalikuwa yakinichekesha. Fundi na mkunga wa nyumba moja, na hawawezi kuonana! Nikasema jengo hili litakwisha siku ya kiyama.

Lakini penye nia pana njia. Ofumbi akienda kula mchana, Achola alikuja na bakora yake kukagua. Alipotaka rafu ya maji, aliacha chungu sakafuni. Alipotaka dirisha, aliegemeza ufagio ukutani. Ofumbi akirudi anasimama katikati ya jengo, mikono kiunoni, akijiuliza mama ametaka nini leo. Siku moja alikuta jiwe kubwa limewekwa mlangoni. Akaja dukani amenuna.

"Mama Faruku, mama amefunga mlango yangu."

"Mlango wako unatazama wapi, fundi?"

"Barabara."

"Na kwa barabara wanapita nani?"

Akageuka akatazama barabarani. Wanapita askari. Alikuwa ameweka mlango kama fundi, hakuwaza mwanamke mwenye uchungu atakavyojisikia akitazamwa. Kesho yake aliuziba, akatoboa mwingine upande wa mto, na saruji ilipomwishia akamalizia kwa udongo. Achola aliondoa jiwe lake, akamwachia ndizi mbivu juu ya ukuta. Ofumbi alizila zote peke yake. Hata moja hakunipa.

Yakabaki mabati. Mume wangu Sulaiti alikwenda kuyatafuta Busia, upande wa Kenya, na mpaka ukafungwa akiwa huko huko. Sisi tukangoja. Tumbo la Apendi halikungoja.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimempelekea Ofumbi turubai la lori afunike udongo wake, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika. Apendi naye alikuwa amemletea chakula. Alipoinama kuweka bakuli chini, hakuinuka tena. Alilishika shati la mumewe, akasema, "Usiniache." Nikapiga kelele zilizofika ng'ambo ya mto. Achola akaja mbio, bakora mkononi haigusi chini.

Alipofika mlangoni akamwona mkwewe. Ofumbi alitafuta dirisha la kutokea, lakini mkono wa Apendi ulikuwa umekaza. Achola akageuza uso. Alisimama kizingitini, mwanawe analia ndani, na mguu wake haukupita. Moyo wangu uliniuma, na nilikasirika pia. Nilitaka kumsukuma. Kisha nikaona ameinua macho juu.

"Hajarah, mwanangu," akaniita, "hii nyumba iko na paa?"

"Haina, mama. Mabati iko Kenya."

"Basi bado si nyumba. Ni uwanja." Akaingia. "Mwambie huyo mtoto ya watu ashike mgongo ya bibi yake vizuri."

"Nimesikia, mama," Ofumbi akasema.

"Mwambie asinijibu."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulikwenda hivyo hivyo, mama akiniambia mimi, nami nikimwambia mtu aliyekuwa karibu naye kabisa. Kisha mbingu ikanguruma, na tone la kwanza likaangukia paji la uso la Apendi. Nikalinyakua turubai. Nikaona wote wawili wameganda, mama na fundi. Turubai likitandazwa ni paa.

Ofumbi aliufungua mkono wa mkewe kidole kwa kidole. "Siendi mbali," akamwambia. "Niko hapo juu tu." Tukafunga upande mmoja wa turubai kwenye nondo za dirisha. Upande wa pili akatoka nao nje, akapanda ngazi, akalala kifudifudi juu ya ukuta, akauvuta kwa mikono yote miwili. Mvua ilimpiga mgongoni, sisi chini tukabaki wakavu. Alikuwa amefumba macho. Kila Apendi alipolia, turubai lilitikisika.

Mtoto akalia. Alilia vizuri, kwa hasira, na sijapata kusikia kelele tamu kama zile. Achola alimfuta, akamviringisha katika kitambaa, akasogea hadi ukingo wa turubai, akatazama juu.

"Ofumbi," akaita. Tangu aoe, hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mama yule. "Shuka, mwanangu, umelowa. Uko na msichana."

Mtu mzima yule alilia juu ya ukuta bila kujificha. Mtoto wakamwita Akoth, yaani msichana wa mvua.

Mpaka ulipofunguliwa, Sulaiti akaleta mabati. Ofumbi akaezeka jengo lote isipokuwa chumba kidogo cha mwisho, upande wa mto. Mabati yalitosha, nilijua. Mengine aliyapeleka kwake akayaegemeza ukutani. Wakubwa wa mjini walipokuja kutazama wakasema fundi huyu hakumaliza kazi. Akawajibu kwamba mabati yamekwisha. Nilipombana tukiwa wawili, akasema, "Hapo ni kwa mama."

Akina mama wa vijiji vyote vya karibu walijifungulia katika nyumba ile, bila kupita kizuizini. Na jioni kazi ikiisha, Achola alikaa kwenye kigoda chake katika kile chumba cha wazi, Ofumbi akakaa upande wa pili, wamepeana migongo kwa heshima, wakizungumza. Walizungumza habari za mtama na meno ya Akoth. Manyunyu hayakuwaondoa. Mimi nikaacha kucheka.

Achola alifariki mwaka ule serikali ya wanajeshi ilipoanguka. Baada ya matanga nikasikia nyundo kutoka mtoni, nikaenda. Ofumbi alikuwa juu ya ukuta wa kile chumba, akipigilia yale mabati aliyoyaweka miaka yote. Nikamkasirikia.

"Fundi, mbona unapaziba? Si ulisema hapo ni kwa mama?"

Alitoa misumari mdomoni.

"Mama Faruku, nilikuwa nalowa hapo kwa sababu yeye pia alikuwa analowa. Sasa nitalowa na nani?"

Nikamshikia ngazi mpaka akamaliza.