Ramani ya Majivu

Mtaani walimwita Rula, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Akija kukupa pole ya msiba, kabla hajakaa kitako macho yake yameshafika kwenye fremu ya mlango wako, na utamwona anavyoteseka kwa sababu imepinda. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, kwenye kijichumba alichochangia na mtu wa fotokopi. Wateja waliagiza masanduku yenye vioo vya buluu, yanayogeuka tanuri ifikapo saa saba mchana, naye akachora. Mwenye nyumba kataka, wewe nani?

Nyumba moja tu ndiyo aliyokuwa nayo moyoni, nayo ni ya mama yake.

Ile alimozaliwa yeye na ndugu zake ilikuwa na kuta nene za udongo na mawe, vyumba vimeuzunguka ua. Mama aliishi uani. Huko alipikia, alifulia, aligombana na kuku wake na kusinzia mkekani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini uani alitembea bila kupapasa, maana jua likimpiga bega la kushoto alijua ni saa ngapi na mlango wa jikoni uko wapi. Tatizo ni kwamba kuta zilikuwa zimepasuka, na pembe moja imeanza kulala. Kaka mkubwa, aliyefanya kazi mbali na ndiye mwenye mfuko, akasema ibomolewe. Mama akakataa kwa maneno, akakataa kwa kununa, mwisho akakataa kwa kuugua. Ndipo wakamtuma Rula. Wewe ndiye kipenzi chake, wakamwambia, tena mambo hayo ndiyo kazi yako.

Rula akachora kwa moyo wote. Ua aliuweka katikati, wazi, na chumba cha mama akakipa mlango wa kutokea hapo. Upande wa jua kali akaweka ukuta mnene kama ule wa zamani. Jiko likapata bomba na gesi, na mlango wa pili kwa anayetaka kupikia nje. Bafu likawa ndani kwa ndani, bila kizingiti cha kumkwaza mtu. Kaka mkubwa naye akapewa sebule ya madirisha mapana yanayotazama barabarani, kwa sababu kaka anapenda kuonekana. Ramani ilipokamilika, Rula aliibandika ukutani ofisini akawa anaitazama kila akinyanyua kichwa.

Sasa mama karatasi haioni. Basi Rula akachukua ndoo ya majivu, akaenda kwenye uwanja wa nyuma, akaichora nyumba nzima ardhini kwa ukubwa wake halisi. Akamshika mama mkono akamtembeza, hapa mlango, hapa kitanda chako, hapa bafu. Mama alikuwa pekupeku, akienda taratibu na kuuliza upepo utapita wapi. Walipofika katikati akasimama, akainua uso.

"Na hapa juu?"

"Hapa juu wazi, mama. Jua lako na mvua yako, kama ulivyozoea."

"Ni wewe unayeniambia, si kaka yako?"

"Ni mimi."

"Basi bomoeni."

Wakabomoa. Mama akahamia kwa dada yao, akasubiri.

Kuta za nyumba mpya zilipofika kwenye linta, usawa wa juu ya milango, kaka mkubwa akaja likizo na mkewe. Shemeji alisimama katikati ya nyumba akauliza mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi. Rula akaeleza habari za mfereji, kwa kirefu. Kaka akacheka. Alisema hakutoka jasho miaka yote hiyo ili ajenge nyumba yenye tundu tumboni. Ua ufunikwe, uwekwe dari na vigae, uwe sebule ya maana. Rula akamwambia kwamba alimwahidi mama.

"Uliahidi kwa mfuko wa nani?" kaka akauliza.

Jioni ile ile Rula angeweza kwenda kwa dada akamweleza mama. Paa lilikuwa halijapanda, na kaka mkubwa, pamoja na ukubwa wake wote, alimwogopa mama kupita kiasi. Neno moja la mama lingetosha. Rula alilijua hilo vizuri. Lakini kaka alikuwa amesema pia kwamba akiona tabu, atatafutwa mchoraji mwingine, na kibao chenye jina la Rula kilikuwa kimeshasimamishwa barabarani, watu wanasimama kuulizia. Basi akakaa akachora paa. Tena alilichora vizuri, aibu yake hiyo, akatia na kipande cha kioo juu ili kipitishe mwanga, akajidanganya kuwa amemwokolea mama kitu. Kila alipokwenda kwa dada, mama alimuuliza ua wake unaendeleaje. Anajibu unaendelea, anakunywa chai, anaondoka.

Siku ya kuhamia ndugu walijaa. Mama aliingia akiongozwa na dada. Akagusa ukuta kwa kiganja, akafurahia unene wake. Akasifu bafu. Kisha akaupapasa mlango wa pili wa chumba chake, ule wa kutokea uani, akaufungua mwenyewe, akatoka. Mguu ukakanyaga vigae. Akasimama, akainua uso, na kilichomfikia ni upepo wa feni.

"Hapo sebuleni, mama," kaka akasema kwa fahari. "Inyeshe vipi, hulowi."

Mama akamshukuru, akamwombea dua mbele za watu wote, maana hakuwa mtu wa kumwaibisha mwanawe mbele ya wageni. Watu walipoanza kula akamwita Rula chumbani, akamwambia afunge mlango. Rula akaanza mambo ya mvua, ya shemeji, ya kaka na mfuko wake. Mama akamwacha amalize.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya paa, mama."

"Na ulikuwa unakuja kunywa chai."

Rula alitamani mama alie, amtukane, afanye lolote. Mama akakaa kitandani, akanyoosha shuka kwa mikono.

"Kaka yako simlaumu, yeye hakuniambia kitu. Nilibomoa nyumba yangu kwa neno lako wewe. Siku ukijenga yako, usinitengee chumba."