Ukweni Wananiita Mwenye Homa ya Ini, Kumbe Virusi Anavyo Mchumba Wangu

Admin nifichie jina, ukweni wamo humu.

Mimi ni dada wa miaka 29, kwetu Usangi, nashona nguo Same mjini. Mchumba wangu analima mpunga Ndungu. Posa imeshapokelewa, ndoa ni baada ya mavuno.

Miezi minane iliyopita tulikwenda kupima afya. Ukimwi hatuna, ila homa ya ini B tukaambiwa wote tunayo, tutafute daktari bingwa. Tulilia njia nzima. Sikujua kwamba mwenzangu akifika kwao atamwambia mama yake habari za karatasi yangu tu, ya kwake akaificha.

Nikaja kujua msibani kwao. Nimeshika upawa nipakue makande, mama yake akaninyang'anya mbele ya wanawake wote. "Mwanangu, wewe kaa. Usiguse chakula cha watu." Mchumba wangu alikuwepo, akainamisha kichwa. Baadaye akaniomba msamaha, eti alipanga kumweleza mama taratibu. Nikavumilia kwa sababu nampenda, na nilijua kweli naumwa.

Wiki iliyopita ndiyo tukarudia vipimo kwa bingwa. Akaziweka karatasi zetu mezani, za zamani na mpya, akaanza na yangu.

"Binti, wewe virusi huna. Hata ile mara ya kwanza hukuwa navyo, walikusomea vibaya. Kilichoonekana ni kingamwili. Uliwahi kuambukizwa zamani, labda utotoni, mwili ukavishinda. Humwambukizi mtu."

Akamgeukia mwenzangu. "Wewe virusi unavyo. Miezi sita imepita na bado vipo, kwa hiyo ni sugu. Usiogope, watu wanaishi navyo miaka mingi, ila ini lifuatiliwe, na dawa ukihitaji utapewa. Mama yako na ndugu zako nao wapimwe, maana virusi hivi huambukizana ndani ya familia. Kuna mjamzito nyumbani?"

Mchumba wangu akajibu, "Hakuna."

Jamani! Mdogo wake wa kike ana mimba ya miezi minane! Nikasema palepale kwamba yupo. Daktari akasisitiza apimwe kabla ya kujifungua, maana kama anavyo, mtoto anatakiwa kukingwa mara tu akizaliwa.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mama ana presha, hili litamuua. Mwache aendelee kujua ni wewe. Wewe si umepona? Inakupunguzia nini?"

Nikamuuliza, "Na mdogo wako?"

"Ukimwambia, ndoa hakuna."

Siku sita sasa hajafanya chochote. Wifi yangu huyo ndiye pekee kwao anayenipigia. Jana amenipigia akicheka, anataka nimshonee dera la kutokea hospitali. Nikamkubalia, nikashindwa kusema zaidi.

Siri ya ugonjwa ni ya mchumba wangu, najua. Lakini mtoto anakuja. Nimpigie wifi leo nimwambie akapime, hata bila kumtaja kaka yake? Au nimpe mwenzangu siku ngapi tena? Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje?