Dua Iliyovunja Majiko ya Samaki

Sifa zote ni zake Mola aliyeiwekea kila bahari na kila ziwa mpaka wake, na anayetusitiri tunapoteleza ilhali anatuona. Namshukuru kwa umri alionijalia. Ni umri huohuo unaonitia haya ninapoandika, kwa sababu nilikuwa na neno la kusema na sikulisema.

Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, bado nasomea ubao, ziwa lilipopanda likaingia mitaa ya chini ya Bujumbura. Tulipandisha kanzu magotini tukapita majini kwenda kusoma. Baada ya miaka maji yakarudi, na watu wakajenga palepale. Kwa hiyo lilipopanda tena miaka hii, nikasikia redioni kwamba jambo kama hili halijapata kuonekana, moyo wangu haukukubali. Sisemi kwamba hali ya hewa haibadiliki. Hilo wanalijua waliolisomea, na Mungu anajua zaidi. Ninachotilia shaka ni hofu inayopigiwa ngoma, kwa kuwa nimeona inapomwangukia nani.

Huku kwetu Ruziba, mtaa wa kando ya ziwa, ilimwangukia mjane wa mwenzangu wa chuoni. Yeye na wanawake wengine wachache walikuwa na majiko ya udongo karibu na maji, wakibanika samaki kwa kuni. Jiko lile ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wake. Tukatangaziwa mkutano uani mwa msikiti: wageni wa mradi wa mazingira wanakuja, nao wanataka majiko yavunjwe, eti moshi na kuni za kina mama ndivyo vinavyopandisha ziwa.

Siku moja kabla, mjane alikuja kwangu.

"Shehe, moshi wangu mi ndiyo umepandisha ziwa? Na ule wa viwanda vya mjini, ule unashusha?"

Nikacheka. "Shemeji, maji haya niliyavuka wewe hujajua hata kuwasha moto."

"Basi kesho useme hivyo. Mi wataniona mama wa samaki tu. We mutu wa kitabu, watakusikiliza."

"Nitasema, inshallah."

Kesho yake waliniketisha mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, wakaniita baba yetu. Mgeni alionyesha picha za nchi zilizopasuka kwa ukame na za nyumba zilizozama. Alisema vizuri, kwa sauti ya huruma. Nilingoja zamu yangu. Halafu shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, akaniinamia sikioni: "Muzee, wageni wana safari. Tufungie kwa dua."

Nikainua macho, nikamwona mjane nyuma, mkono juu, anaomba nafasi. Alikuwa ananitazama mimi.

Kwetu, mzee akikunjua viganja mazungumzo yamekwisha. Atakayesema baada ya Amin anaonekana anambishia Mungu. Hayo nayajua, ndiyo niliyowafundisha wenyewe. Nikakunjua viganja. Watu wote wakakunjua vyao, na ule mkono wake ukashuka, ukaungana na mwenzake kupokea dua. Nikaomba Mungu ailinde pwani yetu na awabariki wageni wetu. Mpiga picha wao akapanda kwenye benchi apate kuinasa mikono yote. Mjane naye akasema Amin.

Ningeweza kusema nilistahi wageni. Ukweli ni kwamba kiti kile kilinipendeza, na niliogopa kuonekana mzee wa zamani asiyeelewa mambo ya waliosoma.

Siku ya tatu majiko yakavunjwa. Wanawake walipolalamika, shefu aliwajibu, "Si mulisema Amin wote?"

Nilimkuta mjane ameketi na beseni la samaki, jua linapanda, anafukuza nzi kwa jani la mgomba. "Karibu, Shehe. Ununue mbichi, za kubanika ulishaziombea dua." Wenzake wakacheka, naye hakucheka. Nikamwomba msamaha mbele yao. Aligeuza samaki mmoja, akageuza mwingine.

"Kwa Mungu nimekusamehe. Kwa shefu, uende mwenyewe."

Nilikwenda. Shefu alinipokea kwa heshima, akaagiza chai, akaniambia ripoti imeshapelekwa, na dua yangu imo. Ndipo Ijumaa, baada ya swala, watu hawajatawanyika, nikasimama nikawaeleza haya: maji ya utotoni mwangu, ahadi niliyompa mjane, na jinsi nilivyotumia jina la Mungu kumfunga mdomo. Mtu mmoja alikohoa. Watu wakatafuta viatu vyao, wakatoka.

Majiko hayajajengwa tena. Samaki wake wasiponunuliwa kabla ya adhuhuri huoza, na wajukuu wawili wamepelekwa kwa shangazi yao. Tukikutana njiani hunisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mzee yeyote, nami huitikia nikitazama chini.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akupe ulimi usioogopa heshima za watu, akuepushe na kiti kinachokupendeza kupita haki ya jirani, na riziki ya nyumba yako isizimwe na mtu unayemwamini. Amin.