Zuleha Agawa Harusi Kwenye Diski Tatu

Seva ya studio yetu pale Morogoro mjini ilianza kukoroma mwezi wa pili, na Zuleha ndiye aliyeisikia kwanza. Ni mtu wa Mgeta, mhifadhi wetu wa mafaili, na ana maswali yanayokera. Ndani ya seva mlikuwa na harusi za miaka kumi na miwili, terabaiti kumi na nne. Nilinunua diski tatu za nje, za terabaiti nne nne, nikamwambia ahamishe.

Nilidhani ni kazi ya kubofya na kwenda kunywa chai. Yeye akakataa kuiachia kompyuta ijaze diski moja mpaka ifurike, kisha imalizie kwenye nyingine.

"Kaka Bartholomeo, diski ya pili ikifa, bibi harusi abaki na ukumbi bila ndoa?"

Akapanga kila harusi ikae nzima mahali pamoja, kubwa kwanza, ndogo zikiziba mapengo. Nilikereka, lakini alikuwa sahihi.

Hata hivyo hazikuenea. Nikamwambia aache picha mbichi, zile ambazo hazijahaririwa, abebe filamu zilizokamilika tu. Nani atazitaka hizo mbichi?

"Mimi," akasema.

Marehemu mama yake alikuwa mpishi wa shughuli, na Zuleha hana hata sekunde moja ya video yake. Alijua tu kwamba aliwahi kupika kwenye harusi moja ya Mgeta niliyoirekodi mimi. Katika filamu zangu wapishi hawamo. Nilikuwa najivunia hilo, nikiliita usafi wa kazi.

Siku nne alifungua picha mbichi za Mgeta, faili moja moja, na mimi kwa udadisi nikavuta kiti. Tuliona ukungu, kuku wakipita, mashemeji wakigombania viti. Siku ya tano akatokea mwanamke wa kanga ya zambarau, akipunga mwiko mbele ya kamera. Zuleha akashika ukingo wa meza.

"Usinichukue mimi, baba," mama yake alisema akicheka. "Nitakujazia kamera bure."

Ikasikika sauti nyuma ya kamera, ya kijana mwenye haraka. Ilikuwa yangu.

"Usijali, mama. Wapishi huwa tunawaondoa."

Zuleha hakunitazama. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Niliona aibu, sikuwa na pa kuificha. Nikachukua funguo za pikipiki, nikaenda kununua diski ya nne.