Fungua ya Mji, Funga ya Groupe

Katika mtaa wa Kadutu, mwaka 1957, nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabika, na ya Papa Feruzi ilikuwa mojawapo. Feruzi aliuza vitambaa. Watu wake walitoka Uvira, na kabla ya hapo pwani ya mashariki. Alikuwa na radio, taa tano, na frigo ya kupoza chakula ambayo mke wake, Maman Zabibu, hakutaka mtu aiguse ovyo. Lakini umeme wa mji ulikatika mara kwa mara. Basi Feruzi akanunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kwinini mashine ya kutoa umeme, groupe kama tunavyoiita, akaiweka nyuma ya nyumba chini ya mabati.

Fundi aliyeitwa kuiunganisha na nyumba alikuwa Isidore, mtu wa Nyantende. Alisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa sita, kisha akaingia karakana ya umeme ya mzungu, akajifunza kazi kwa macho yake na kwa Kifaransa. Alijivuna kidogo, na haki alikuwa nayo. Kola yake ilipigwa pasi hata siku ya kutambaa darini.

Aliweka ukutani mikono miwili ya chuma, mmoja wa mji, mmoja wa groupe. Mkono ukiwa juu umeme unapita, ukiwa chini haupiti. Hatari aliijua vizuri. Mikono yote ikiwa juu, umeme wa groupe hautabaki nyumbani. Utatoka, utapanda waya wa barabarani, na kumkuta mtu wa nguzo anayeamini kwamba waya umekufa. Na mtu wa nguzo wa mtaa ule alikuwa Lucien, shemeji yake, kaka wa mke wake Séraphine. Kwa hiyo Isidore aliandika karatasi kwa mwandiko wake wa shule, akaigandisha ukutani: «Umeme ukikatika: FUNGUA ya mji, halafu FUNGA ya groupe.»

Kwa Kifaransa cha karakana hapakuwa na kosa. Huko, kufungua ni kutenga chuma na chuma ili umeme usipite, na kufunga ni kuvikutanisha. Isidore alihamisha neno kwa neno, akakusanya vyombo vyake akaenda.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumanne, umeme ulikatika. Feruzi akasimama mbele ya ile karatasi.

«Fungua ya mji,» akasoma. «Zabibu, ya mji si iko wazi tayari?»

«Iko juu. Iko wazi tangu jana.»

«Funga ya groupe. Nayo iko chini, imefungwa. Sasa huyu fundi ananiambia nifanye nini? Nikae?»

Kwa sababu Kadutu, mtu akitaka radio iseme anaifungua, akichoka nayo anaifunga. Umeme nao vilevile. Feruzi akaenda kuwasha groupe; ikanguruma, lakini taa hazikuwaka.

«Alikosea ya pili,» akasema, akainua na mkono wa groupe. Nyumba nzima ikawaka taa.

Nje, Lucien alikuwa juu ya nguzo. Yeye na wenzake ndio waliokata umeme ule, wabadilishe waya unaoingia kwa Feruzi. Waya aliupima, akaukuta umekufa kweli. Groupe iliwaka baada ya hapo. Umeme wake ulimshika Lucien mkono wa kuume. Mkanda uliomfunga kwenye nguzo ndio uliomzuia asianguke. Walimshusha akiwa hai, vidole viwili vimeungua mpaka nyama.

Isidore aliitwa. Alikuta mikono yote miwili iko juu, akafungua kinywa amfokee Feruzi.

«Nilifuata karatasi yako!» Feruzi akamwahi. «Fungua ya mji, nimeacha imefunguka!»

Isidore akaisoma karatasi yake mara mbili, mara hii kwa masikio ya Kadutu. Angeweza kusema kwamba muzee hajui kusoma, na watu wangemwamini. Akaibandua, akaenda nayo mpaka kitandani kwa Lucien.

«Kosa ni langu,» akasema. «Niliandika Kifaransa kwa maneno ya Kiswahili.»

Lucien hakuitazama. «Ile nguzo mimi siipandi tena. Na dada yangu aje kukaa kwetu kwanza, mpaka nijue ameolewa na fundi ao na muuaji.»

Séraphine akafunga nguo zake, akaenda.

Isidore alizunguka mwezi mzima mpaka akapata kile alichopaswa kuweka tangu mwanzo: inverseur, mkono mmoja peke yake wenye vituo vitatu. Ukienda juu unashika mji, ukienda chini unashika groupe, katikati haushiki kitu. Pande mbili kwa pamoja haiwezekani, hata ulazimishe. Aliomba wenye umeme wakate kule barabarani, akatoa fyuzi akazitia mfukoni mwake, na kila waya akaupima kwa taa kabla ya kuugusa. Karatasi hakuandika. Maman Zabibu, aliyesoma chuoni kwa Waislamu, ndiye aliyeandika kwa herufi za Kiarabu: juu, umeme wa mji; chini, wa nyumbani. Isidore hakuweza kusoma hata moja.

Lucien alipopona, wenzake walikata tena umeme wa mji ili ule waya umaliziwe, naye akaja na vyuma vyake vya kupandia, lakini alisimama chini ya nguzo.

«Muwashe groupe,» akasema. «Halafu wewe wa kwanza ushike waya wa mji.»

«Hapana mtu atashika,» Isidore akajibu. «Taa ndiyo itashika.»

Akaigusisha taa yake kwenye waya wa groupe; ikawaka, wote wakaona kwamba ni nzima. Akaigusisha kwenye waya wa mji. Giza. Lucien akamnyang'anya taa, akarudia mwenyewe pande zote mbili. Kisha akaenda ukutani, akajaribu kuinua mkono nusu juu, nusu chini, akaubembeleza, akautukana. Haukukubali.

Akapanda. Alifanya kazi nusu saa, groupe inanguruma wakati wote, Maman Zabibu amesimama mbele ya ule mkono kama askari.

Aliposhuka alijifuta jasho. «Papa Feruzi, zima hiyo mashine, inatuua masikio,» akasema. Halafu, bila kumtazama Isidore: «Séraphine atarudi kesho. Kwetu anakula sana.»

Isidore aliunganisha nyumba nyingi baada ya ile, Nyalukemba na kwingineko. Kabla ya kufungua sanduku la vyombo, aliwauliza wenye nyumba: «Ninyi hapa, radio ikiwachosha, munasema muifanye nini?» Wengine walidhani anatania. Alingoja mpaka wajibu.